Maua Mawili ya Mlima Mmoja

Safari hii katika somo letu la bustani twataka kujibu swali ambalo akina mama wanaopamba kanisa wametuuliza mara nyingi. Wanasema hivi: "Tuna maua ya aina mbili vyunguni. Yote hayapendi jua kali, yote tumeyaweka kibarazani mahali pamoja, na mtu mmoja huyamwagilia kila asubuhi kwa kopo lilelile. Moja lachanua mwaka mzima. La pili majani yake yamelegea, na tulipolishika likatoka mkononi, limeoza shingoni. Je, tumekosa nini?"

Jibu fupi ni hili: mama hao hawakuwa wavivu. Kosa ni kwamba wameyalea maua hayo sawasawa. Maua haya ni majirani, wala si ndugu. Yametoka mlima mmoja, tena yanapenda kivuli kimoja, lakini moja limezoea kukaa juu ya jiwe, na la pili limezoea kukaa kando ya kijito. Atakayelishika neno hilo ameshika nusu ya somo lote.

MAJINA YAO

Ua la kwanza ni lile dogo lenye majani mazito ya mviringo, yenye manyoya laini kama kitambaa cha mahameli. Majani yamekaa duara kama sahani, karibu kabisa na udongo, na katikati ya sahani hiyo huinuka maua ya zambarau au ya buluu yenye jicho la manjano. Wajerumani huliita urujuani wa Usambara, na Waingereza huliita urujuani wa Afrika, ingawa kwa ukoo si urujuani hata kidogo. Ni kufanana kwa sura tu. Wataalamu walilipa jina Saintpaulia. Katika somo hili tutaliita ua la Usambara.

La pili ni lile lenye shina laini lililojaa maji, ambalo ukiliinua kwenye mwanga karibu utaona ng'ambo. Majani yake ni mabichi, yana meno madogo pembeni, na maua yake ni bapa, yenye petali tano, mekundu, ya waridi, ya machungwa au meupe. Nyuma ya kila ua pana kimkia chembamba kilichopinda. Humo ndimo mlimo maji matamu yanayofuatwa na vipepeo. Watoto walijua ua hili kuliko sisi wakubwa, maana tunda lake likiiva, ukiligusa kidogo tu hupasuka na kukurushia mbegu usoni. Kwa sababu hiyo wataalamu waliliita Impatiens, yaani lisilo na subira. Waingereza huliita Busy Lizzie, kama tungesema Lizzie asiyetulia, kwa kuwa halikomi kuchanua. Jina lake kamili ni Impatiens walleriana, na hilo neno la pili latuhusu sisi Waanglikana. Basi tuliite ua la Waller.

Horace Waller alikuwa Mwingereza aliyefika Afrika mwaka 1861 pamoja na Askofu Charles Mackenzie, katika kundi la kwanza la misheni ya Vyuo Vikuu, U.M.C.A. Walikwenda nchi ya mto Shire, katika Malawi ya leo, wakakaa Magomero. Safari ile ilikuwa ya huzuni. Askofu Mackenzie alifariki kwa homa mwezi wa Januari 1862, wengine wakamfuata, na mwaka 1864 misheni ikahamia Unguja chini ya Askofu Tozer. Kutoka Unguja ndipo ilipovuka hata Magila na huku kwetu kote. Waller alirudi Uingereza, baadaye akawa kasisi, akaendelea kupiga vita biashara ya watumwa, na ndiye aliyezitengeneza daftari za mwisho za Livingstone zikachapwa mwaka 1874. Joseph Hooker wa bustani ya Kew, London, alipolieleza ua hili mwaka 1868 alilipa jina lake.

Lakini ua likaja kupata jina la pili. Sir John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, alilipeleka Kew, na mwaka 1882 Hooker huyohuyo akaliandika kama ua jipya, Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye ikaonekana kwamba ni ua lilelile. Kwa kanuni ya wataalamu wa mimea jina lililotangulia ndilo lenye haki, basi mmisheni akamshinda Sultani pasipo vita.

Kirk tunamkuta tena katika habari za ua la Usambara. Alilichuma mwaka 1884, na mwaka 1887 kasisi W. E. Taylor wa C.M.S., yule mpenzi wa Kiswahili aliyekusanya methali na mashairi ya Mombasa, naye akapeleka yake kutoka upande wa pwani ya Kenya. Mimea waliyoipeleka ilikuwa imekaushwa, haikutosha kuelezwa vizuri, ikakaa Kew bila jina. Jina likaja kwa mlango mwingine. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wajerumani, aliliona, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen katika mji wa Hannover, naye mwaka 1893 akaliita Saintpaulia kwa jina la familia ile. Vitabu husema Baron "aligundua" ua hili. Neno hilo lisitudanganye. Watu wa milimani walikuwa wakipita karibu nalo kila siku wakienda mtoni.

Tangu hapo limekwenda mbali. Mnamo miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles, Marekani, walipanda mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua aina bora na kuziuza. Na mwaka 1946 wapenzi wa ua hili huko Marekani waliunda chama chao. Leo lauzwa madukani ulimwenguni kote, la petali moja na la petali nyingi, jeupe, la waridi, la rangi mbili. Huenda mtu wa Muheza akanunua mjini ua ambalo babu yake alitoka nyuma ya nyumba yake. Tuongeze hili kwa wasomao vibandiko: mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika ukoo uitwao Streptocarpus, baada ya kulinganisha vinasaba. Basi mkiona majina hayo mawili msidhani ni mimea miwili.

KWAO NI WAPI

Sasa twende mlimani, maana huko ndiko kwenye jibu lenyewe.

Tuseme twapanda kwenda Amani, katika Usambara ya Mashariki, kiasi cha mita 900 juu ya bahari. Mvua ya huko ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hata isiponyesha ukungu hulala mitini. Chini ya miti mikubwa pana mawe makubwa yenye kuvu za kijani. Tazameni ubavu wa jiwe, ule usiopigwa na jua. Ua la Usambara limeshika pale penye ufa, juu ya udongo usiozidi kina cha vidole viwili, nao ni majani yaliyooza na vumbi la jiwe tu. Mvua ikinyesha maji hupita juu ya jiwe na kuteremka. Hayasimami. Mizizi hulowa, kisha hupata hewa. Majani nayo ni mazito kwa sababu huweka akiba ya maji kwa siku ambazo jiwe ni kavu.

Teremkeni hatua ishirini hadi kijitoni. Hapo udongo ni mweusi, ni mwingi, na kidole chazama ndani yake. Hapo ndipo lilipo ua la Waller, limesimama kwa makundi, shina limejaa maji kama bomba. Halina haja ya kuweka akiba, kwa kuwa maji yapo jana, leo na kesho. Ndiyo maana likikosa maji nusu siku hulala chini kama mgonjwa.

Si Amani peke yake. Ua la Usambara, kwa aina zake mbalimbali, lapatikana pia Usambara ya Magharibi, Nguru, Ukaguru na Uluguru, na upande wa Kenya lipo milima ya Shimba na Mbololo katika Taita. Baadhi hukaa chini kabisa karibu na pwani, katika mawe ya chokaa. Mara nyingi aina moja hukaa mlima mmoja au bonde moja tu. Ua la Waller ni mtembezi zaidi. Nchi yake ya asili ni kutoka Kenya mpaka Msumbiji na Zimbabwe. Tofauti hii tutairudia, maana ndani yake mna jambo zito.

KIVULI NA MWANGA

Hapa hatutakaa sana. Yote mawili hayataki jua la mchana. Kibaraza chenye mwanga wa asubuhi, au dirisha lisiloelekea magharibi, panafaa. Lakini kivuli si giza. Ua la Usambara likiwekwa gizani halifi upesi. Hurefusha vikonyo vya majani kama mtu anyooshaye shingo, na hukataa kuchanua. Likipata jua kupita kiasi majani hupauka na kuwa ya manjano, kisha huungua pembeni. Ua la Waller lina ustahimilivu zaidi. Huko Lushoto kwenye baridi litavumilia hata jua la asubuhi lote, mradi udongo uwe na maji. Tanga mjini au Dar es Salaam msilijaribu hivyo.

Kuhusu joto, ua la Usambara hupenda kiasi cha digrii 18 hadi 24 za sentigredi. Usiku wa Juni na Julai huko juu milimani liondoeni dirishani, hasa dirisha likiwa na ufa.

MAJI

Sasa tumefika penye mzizi wa fitina. Twaomba msome sehemu hii polepole.

Mimea hii miwili huonyesha dalili moja kwa mambo mawili tofauti. Ua la Waller likilegea, limeona kiu; mpe maji, na kabla ya saa kupita mara nyingi limesimama. Mtu akishazoea hivyo hudhani kila mmea uliolegea wataka maji. Halafu ua la Usambara lalegea. Naye, kwa upendo kabisa, anachukua kopo na kumwaga. Kesho limelegea zaidi, anaongeza. Siku ya nne limekufa, naye hajui kwamba yeye ndiye aliyelimaliza.

Kilichotokea ni hiki. Mizizi ya ua la Usambara ni myembamba sana na yahitaji hewa. Udongo ukijaa maji siku nyingi, hewa hutoka, na ukungu wa kuozesha huingia mizizini na kupanda mpaka shingoni. Mizizi iliyooza haiwezi tena kunywa. Basi majani hulegea kwa kiu huku chini mna maji tele. Ni kama mtu aliyefungwa mdomo kando ya kisima.

Kwa hiyo msitazame majani peke yake. Wekeni ncha ya kidole juu ya udongo. Kama udongo ni mkavu na majani yamelegea, ni kiu, lipeni maji. Kama udongo umelowa na majani yamelegea, ni kuoza, wala msiongeze hata tone. Hapo mmea wenyewe ni vigumu kuokolewa, lakini majani yake yaliyo mazima bado yana uhai, na tutaeleza chini namna ya kuyatumia. Njia nyingine ni kuinua chungu: mkono ukizoea utajua kwa uzito tu.

Namna nzuri ya kulinywesha ua la Usambara ni kutoka chini. Wekeni chungu katika kisahani au beseni yenye maji kidogo, kiache kwa nusu saa, kisha mwageni maji yaliyobaki. Msikiache kikae majini mchana kutwa. Kisha ngojeni mpaka udongo wa juu ukauke. Wakati wa kaskazi huenda ikawa kila siku ya tatu. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito, huenda ikapita juma zima. Hakuna kalenda ya jambo hili, kidole ndicho kalenda. Mara mojamoja, tuseme kila baada ya miezi miwili, mimineni maji mengi kutoka juu, pembeni mwa chungu, yapite yote na kutoka, ili kuosha chumvi iliyobaki udongoni.

Jambo jingine: maji yasiwe ya baridi. Maji ya baridi yakidondoka juu ya jani lenye joto huacha alama nyeupe au za manjano, kama pete, nazo hazitoki tena. Wengi hudhani ni ugonjwa. Yatekeni maji jioni, yalale ndani ya nyumba, asubuhi yatumieni. Na vumbi likikaa juu ya manyoya ya majani, liondoeni kwa brashi laini badala ya kitambaa cha maji.

Ua la Waller halina mashariti hayo. Mwagilieni asubuhi, na siku za joto la pwani tena alasiri. Yafaa kumwaga shinani kuliko juu ya majani, kwa sababu tutakayoitaja. Hata hivyo msidhani kwamba kwa kuwa lapenda maji litapenda debe lisilo na tundu. Kando ya kijito si ndani ya kijito. Matundu yawepo.

Basi akina mama wetu wafanye nini na kopo lao moja? Watenganishe vyungu. Ua la Waller lishuke chini, penye bustani au sanduku kubwa, ambapo mtu anayefagia asubuhi atalimwagilia bila kufikiri. Ua la Usambara lipande juu ya meza au ubao wa dirisha, na lipewe mtu mmoja wa kuliangalia, na watu wengine wote waambiwe wasiliguse. Twasema hili kwa uzito, maana tumeona ua moja likinyweshwa na watu watatu wenye huruma, kila mmoja akidhani wenzake wamesahau.

UDONGO NA CHUNGU

Kumbukeni lile jiwe. Ua la Usambara lataka udongo mwepesi na chungu kidogo. Changanyeni sehemu mbili za majani yaliyooza vizuri na sehemu moja ya mchanga wa mtoni, na konzi ya makaa yaliyopondwa. Mchanga wa bahari haufai kwa sababu ya chumvi. Mkiweza, udongo umwagiwe kwanza maji yanayochemka, uachwe upoe na kukauka kidogo, ili kuua minyoo midogo ya mizizi. Chungu kiwe na upana wa theluthi ya upana wa majani: majani yakienea sentimita 24, chungu cha sentimita 8 chatosha. Mtu anayelipa chungu kikubwa kwa heshima analipa udongo mwingi usiokauka, na tumekwisha kuona mwisho wake. Kopo la maziwa lililotobolewa chini ni zuri kabisa.

Ua la Waller lipeni chungu kikubwa au ardhi, na udongo mweusi wenye mboji. Likipandwa chini, acheni nafasi ya sentimita 20 mpaka 30 kati ya mche na mche. Likianza kurefuka na kuacha shina tupu, likateni vichwa. Litatoa matawi na kujaa.

Mbolea iwe kidogo kwa yote mawili. Samadi nyingi humpa mtu majani ya kujivunia na maua machache.

KUZIDISHA

Katika jambo hili maua yote mawili ni wakarimu, na hakuna haja ya fedha.

Ua la Waller: kateni ncha ya tawi, sentimita 8 hadi 10, chini kidogo ya kifundo. Ondoeni majani ya chini na maua, kisha itieni ndani ya bilauri ya maji kivulini. Kwa wiki moja au mbili mtaona mizizi myeupe. Pandeni. Wanaopenda mbegu wafunike tunda lililovimba kwa kiganja kabla ya kuligusa, lipasukie mkononi. Mbegu zitawanywe juu ya udongo wenye unyevu, zisifukiwe, maana zahitaji mwanga ili zichipue. Kazi nzuri kwa watoto wa shule ya Jumapili, nao hawatahitaji kufundishwa namna ya kupasua.

Ua la Usambara: hapa pana ajabu yake. Kateni jani moja zima, lisilo changa sana wala zee, pamoja na kikonyo chake cha sentimita 3 au 4. Kikonyo kikatwe kimshazari kwa wembe safi. Kichomekeni katika mchanga uliochanganywa na majani yaliyooza, wenye unyevu tu, na mfunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako ili hewa ya ndani iwe nzito kama ya msituni. Wekeni kivulini penye mwanga. Mizizi huota kwa wiki tatu au nne. Kisha hakuna kinachoonekana, na hapo wengi hukata tamaa wakatupa. Subirini. Baada ya miezi miwili au mitatu vichipukizi vidogo kama masikio ya panya vitatokea chini ya jani, mara nyingi zaidi ya kimoja. Vikifikia ukubwa wa shilingi vitengeni, kila kimoja na kopo lake. Maua yatakuja baada ya miezi sita mpaka tisa tangu siku ya kuchomeka.

Hata ua lililoanza kuoza, kama lina majani mawili matatu mazima, litaanza tena kwa njia hii.

MAADUI

Ua la Usambara hupatwa na wadudu weupe kama vipande vya pamba, wakaao katika maungo ya majani. Wafuteni kwa kijiti chenye pamba iliyolowa spiriti. Ua la Waller huliwa na konokono usiku, na wakati wa ukavu huvamiwa na vidukari na utitiri.

Lakini adui mkubwa wa ua la Waller siku hizi ni ugonjwa wa ukungu uliojulikana Uingereza mwaka 2003, ukaenea vibaya mwaka 2011, na miaka hiyohiyo ukashika Marekani, hata wauzaji wengi wakaacha kulipanda kwa muda. Majani hupauka, na ukiyageuza utaona kama unga mweupe chini yake. Kisha majani na maua hupukutika, vikabaki vijiti vitupu. Hauna dawa ya nyumbani. Mkiuona, ng'oeni mmea mzima pamoja na yaliyoanguka, uchomwe au ufukiwe mbali, na pale msipande tena ua hili. Majani yanayolala na maji usiku kucha huukaribisha, na ndiyo sababu tulisema mmwagie shinani. Msomaji akiletewa miche kutoka mbali aitazame chini ya majani kabla ya kuiingiza bustanini.

HATARI ILIYO KUBWA

Tulisema tutarudi kwenye tofauti ya utembezi wao. Ua la Waller limetoka bustanini na kuingia porini katika nchi nyingi za joto, kama Costa Rica na Queensland ya Australia, na huko watu hulihesabu kuwa gugu. Nani angefikiri. Jirani yake wa jiweni, aliyeenea madirishani kote duniani, nyumbani kwake yumo hatarini. Yale yaliyo madukani ni wajukuu wa aina chache tu. Aina nyingine nyingi hazipo ila kwenye mlima wao mmoja. Msitu wa juu ukikatwa kwa mashamba, mbao au mkaa, jua hufika kwenye jiwe, kuvu hukauka, na ua la Usambara hufa lote kwa msimu mmoja, ingawa hakuna mkono ulioligusa. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, nayo imesaidia, lakini mawe mengi yenye maua haya yako nje ya mipaka ya hifadhi, katika vipande vidogo vya msitu juu ya mashamba ya watu kama sisi.

Sasa mwaona kwa nini tumeshikilia habari ya kopo la maji. Ua la Usambara likioza kibarazani, mtu huona ni rahisi kupanda mlimani na kung'oa jingine kutoka jiweni, na lile nalo, kwa kuwa hajabadili kumwagilia kwake, litaoza kabla ya sikukuu nyingine. Ndani ya hifadhi kufanya hivyo bila kibali ni kosa la sheria. Nje ya hifadhi hakuna askari, na kwa jiwe lenye maua matano kila linalong'olewa ni sehemu ya tano ya wote.

Kwa hiyo twawaomba wenye ua la Usambara lililostawi wawagawie wenzao majani. Ua lenye afya laweza kutoa majani matatu au manne ya chini kwa mara moja bila kudhurika. Yakatwe asubuhi, yafungwe katika kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha yatiwe ndani ya mfuko wa plastiki yasikauke. Hivyo yatavumilia safari ya siku moja au mbili kwa basi. Yakifika, vikonyo vikatwe tena kidogo kwa wembe kabla ya kuchomekwa. Wakati ulio bora kwa pwani ni mara baada ya masika, joto likiwa limepungua. Kwa wale wa Lushoto na milimani, ngojeni mpaka baridi ya Julai ipite.